Uzito wa Koni

Pichani Bibi Roswitha ana miaka sita,
soksi moja imeshuka, nyingine imeshika adabu,
na kifuani amekumbatia koni ya sukari
ndefu toka kidevuni hadi magotini,
imefungwa utepe juu kama kilemba cha bwana harusi.
Zittau, Septemba, mwaka wa arobaini na sita.
Ukuta nyuma yake una matundu
ambayo hakuna aliyepata wasaa wa kuyaziba.

Miaka yote nimeitazama picha hii
nikimwonea wivu.
Njaa wanayoisimulia kila Krismasi,
mkate uliotiwa vumbi la mbao,
mbona haikuifikia koni?

Juzi usiku, gundi mezani, kadibodi sakafuni,
Holger alibishana nami kuhusu umbo.
Yeye ni wa Bremen; kwao koni ni duara.
Kwetu ina pande sita, sentimita themanini na tano,
na ukuta haukubomolewa
ili mimi nije kupunguziwa pande.
Tulicheka. Pande sita zikashinda.
Jannes alikuwa amelala, au amejifanya.
Alikwisha ambiwa kwamba chini ya sakafu ya shule
upo mti unaozaa koni,
na zikiiva, watoto huitwa.
"Nani anaumwagilia maji?"
"Mwalimu mkuu," nikasema,
na uongo ukanitoka laini kama siagi.

Bibi alikuwa pembeni na mkasi,
akikata mkia wa dinosaria wa kitambaa.
Nikamwonyesha picha:
yako ilikuwa kubwa kuliko hii.
Hakuinua macho.

"Haikuwa yangu. Ilikuwa ya Kretzschmar, mpiga picha.
Tulipanga foleni uani, watoto arobaini na mmoja,
Traudel mbele yangu, nyuma yangu Eckhard na makamasi yake.
Unapewa, unakumbatia, unaambiwa usipumue,
mwanga unakupofua, unanyang'anywa.
Tazama hapo chini, ncha imepinda kushoto.
Nenda kwa kina Traudel ukaione picha yake:
ncha ile ile, kushoto kule kule."

Na ndani?

"Magazeti. Yale ambayo mwaka ule
hakuna aliyetaka kukutwa nayo.
Nilidhani itanielemea, nikakaza mgongo,
nikajitia nguvu kama mpagazi,
kumbe kanda la usufi!
Nusura nianguke kinyumenyume.
Ndiyo maana nacheka pale.
Si furaha ile. Ni mshtuko."

Nyumbani, akasema, mama yake alimpa kalamu ya kibao
na viazi viwili vya moto,
kimoja kila mfuko wa koti.
Vilimpasha mikono njia nzima.
Kimoja alikila kabla ya hesabu.
Cha pili hakumbuki,
na kutokukumbuka huko kulimuudhi mpaka akanyamaza.

Tukajaza. Penseli za rangi, tochi,
saa yenye mishale inayong'aa gizani,
kifutio chenye harufu ya stroberi.
Holger alikuwa ameshindilia karatasi chini,
kama wafanyavyo watu wote,
ili ijae upesi, ili mtoto aweze kuibeba.
Bibi akazitoa zote.
Akazinyoosha moja moja juu ya paja.
Akaenda jikoni akiburuta kandambili,
akarudi, na nikasikia kitu kikitua kwenye ncha: du.
Kisha kingine.
Sikuuliza. Nilikuwa nafunga utepe.

Jumamosi, uwanja wa shule, mvua ya rasharasha,
Jannes akaitwa jina lake lote.
Akapokea. Magoti yakamlegea kidogo.
"Nzito!" akalalamika mbele ya wazazi wa watu.
Holger akasogea amsaidie,
Bibi akamzuia kwa fimbo, kifuani.
"Mwache."

Picha ya Jannes ipo sasa, kando ya ile nyingine.
Koni inamficha mpaka masikio.
Uso umeiva, meno ameyauma,
hacheki hata kidogo.